Msifunge Kitabu Sura ya 41

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wetu wanaomaliza chuo, Jumamosi iliyopita, kwenye ibada yao ya kuagana. Mvua iliwazuia wengi kufika, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika: "Mzee, tuandikie." Basi nimeandika. Picha zilizokuwa ukutani nimeziondoa. Mahali nilipotoka nje ya mada nimepaacha hivyohivyo, maana ndivyo nilivyo.

Bwana Yesu asifiwe!

Nimesikia upande wa huku tu. Upande wa kule mmeshaanza kunusa pilau? Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji, wazee wenzangu, akina mama mliokesha na masufuria, na ninyi wanangu mnaotutoka, nawashukuru kwa kunipa dakika hizi. Mwenyekiti wenu aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, tunataka somo la kutuinua. Tupe Yusufu." Nikamuuliza, Yusufu yupi? Akacheka. "Yule wa kutoka gerezani mpaka ikulu, Mzee. Kwa siku moja!" Nikamwambia sawa, nitamleta. Ila nikamwonya kwamba nikija naye, nitamleta mzima. Sitamleta nusu.

Wengine hamnijui. Mimi si mchungaji. Nimekuwa mtunza ghala miaka 31, mwajiriwa wa ushirika, kazi yangu mahindi. Najua harufu ya gunia lililoanza kuota joto. Najua dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi, akishaingia, unga wake unauona chini ya chaga kabla hujamwona yeye. Najua leja. Kwa hiyo ninyi mnapoisoma habari ya Yusufu kama habari ya ndoto, mniwie radhi, mimi naisoma kama habari ya ghala.

Fungueni Mwanzo 41, mstari wa 14. Nani ana sauti atusomee? Haya, binti yangu. "Ndipo Farao akapeleka watu, akamwita Yusufu, wakamleta upesi kutoka gerezani. Akanyoa, akabadili nguo zake, akaingia kwa Farao." Simama hapo hapo.

Kati ya gereza na ikulu, ndugu zangu, mmeona kuna nini? Kuna wembe. Kuna wembe na nguo za kubadilisha, basi. Huyu mwandishi hata jina la Farao hajatupa. Lakini amepata nafasi ya kutuambia kwamba mtu alinyoa. Kwa nini?

Kule Beni Hasan, Misri ya kati, kuna kaburi la mkubwa mmoja aliyeitwa Khnumhotep. Ukutani mwake pana mchoro wa mnamo mwaka 1900 kabla ya Kristo: msafara wa watu wa Asia unaingia Misri ukileta wanja. Wanaume wao wana ndevu, nguo zao zina mistari na madoa ya rangi. Wamisri wanaowapokea hawana ndevu, wamejifunga vitambaa vyeupe. Hata asiyejua kusoma anatambua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani. Kwa hiyo wembe ule haukuwa wa usafi tu. Yusufu alivuliwa sura ya kwao ndipo akaingizwa kwa mkubwa. Na ukiangalia vizuri, mtu huyu kila akibadilishiwa maisha anaanza kubadilishiwa nguo. Kanzu ndefu ya baba yake walimvua kaka zake, wakaichovya kwenye damu ya mbuzi. Vazi lake la pili lilibaki mkononi mwa mke wa Potifa, bwana wake, mwanamke aliyemsingizia mpaka akafungwa. Hili la tatu ndilo la kwanza alilovikwa bila mtu kumnyang'anya baadaye.

Kisha mambo yanakwenda mbio. Pete ya muhuri. Kitani safi. Mkufu wa dhahabu shingoni. Gari la pili. Jina jipya, Safenath-panea, ambalo wataalamu wanavutana mpaka leo lina maana gani. Mke, Asenathi, binti wa kuhani wa Oni, mji ambao mabaki yake leo yamezungukwa na nyumba za Cairo. Na watu wanatangulia mbele ya gari wakipiga kelele: "Pigeni magoti!"

Ni hapa mnapopiga makofi, sivyo? Ni hapa mpiga kinanda anapoanza kupandisha taratibu, na mhubiri anakwambia umguse jirani yako umwambie "zamu yako imefika." Nimeshamgusa jirani mara nyingi sana mimi. Na ni hapa tunapofunga kitabu. Mwanzo ina sura 50, sisi tunafunga sura ya 41. Wanangu, leo nimekuja na ombi moja tu: msifunge kitabu sura ya 41.

Tuanze na hiyo "siku moja." Je, ilikuwa siku moja kweli? Yusufu anaanza kusimuliwa akiwa na miaka 17. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30, imeandikwa mstari wa 46. Toeni. Miaka 13. Na neno lililotafsiriwa gereza pale mstari wa 14, kwa Kiebrania ni bor, yaani shimo. Ni neno lilelile la sura ya 37, lile shimo tupu lisilo na maji kule Dothani, ambamo kaka zake walimtupa kisha wakaketi kula. Kwa mwandishi huyu, tangu Dothani Yusufu alikuwa hajatoka shimoni. Alihamishwa shimo.

Na tafadhali msiniambie mvumilivu hula mbivu. Anayengoja mbivu anauona mti. Yusufu alikuwa anaona ukuta.

Sasa, ndani ya hiyo miaka 13 kuna miwili inayoniuma kuliko yote. Mnamkumbuka mkuu wa wanyweshaji, yule aliyekuwa akimpa Farao kikombe? Yeye na mkuu wa waokaji walifungwa pamoja na Yusufu, wakaota usiku mmoja, kila mtu ndoto yake. Yusufu akamwambia mnyweshaji: baada ya siku tatu Farao atakiinua kichwa chako. Akamgeukia mwokaji, akamwambia vilevile: baada ya siku tatu Farao atakiinua kichwa chako. Akaongeza neno dogo tu: atakiinua, kikutoke. Siku ya tatu ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Farao, akafanya karamu, akaviinua vichwa vyote viwili. Mmoja akarudishiwa kikombe. Mwingine akatundikwa mtini, ndege wakamla.

Kwa hiyo wanangu, mnapokesha mkiomba "Bwana niinue," muwe mnafafanua.

Mnacheka, lakini mwandishi hakuyaweka maneno hayo kwa bahati. Kiebrania kinasema hivyo mtu akikumbukwa na mkubwa: ameinuliwa kichwa. Na mkono unaoinua ndio huohuo unaokata. Yusufu alilijua hilo kabla hajavaa pete. Alilijua akiwa bado na nguo za gerezani.

Akamwomba mnyweshaji jambo moja: ukishafanikiwa, unikumbuke, unitaje kwa Farao. Na sura ya 40 inaishia hivi: hakumkumbuka, alimsahau. Sura ya 41 inaanza hivi: ikawa, mwisho wa miaka miwili mizima. Kati ya sura na sura ukurasa hauonyeshi kitu. Ni nafasi nyeupe. Kwa Yusufu nafasi ile ilikuwa siku mia saba na zaidi.

Kila mahubiri niliyoyasikia, mhubiri anatuuliza: ni nani amekusahau wewe? Watu wanalia. Leo nataka kuuliza kinyume chake, na nianze na mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na ghala dogo, bati lake limechakaa. Tulikuwa na kijana mmoja kibarua, mpakuaji. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha ghafla, na mimi nimelala nyumbani kwangu vizuri kabisa. Asubuhi nakimbilia ghalani roho mkononi, nakuta magunia zaidi ya 40 yamehamishwa kutoka chini ya tundu, yamepangwa upande mkavu, mashina nje kama nilivyomfundisha. Kijana amelala juu yake, amelowa. Alikuwa ameamka mwenyewe, hakuna aliyemtuma, akamwamsha mlinzi afungue. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nafasi ya ukarani ikitokea, jina lako nitalipeleka mimi." Akachana kipande cha mfuko wa saruji, akaandika jina lake kwa kalamu yangu, nikakitia mfuko wa shati.

Wiki hiyohiyo nikapata barua ya uhamisho. Nimepandishwa, ghala kubwa, nyumba ya kazi. Shati likafuliwa. Mama wa nyumbani kwangu akanionyesha kitu kama uji kimeganda mfukoni, nikasema si kitu, tupa.

Miaka miwili na ushei baadaye mkaguzi ananikuta nimezidiwa, ananiuliza, "Huna kijana mwaminifu akusaidie?" Hapo ndipo nilipomkumbuka. Mnaona? Sikumkumbuka kwa wema wangu. Nilimkumbuka kwa shida yangu, kama mnyweshaji alivyomkumbuka Yusufu siku Farao alipokosa mtu wa kumfasiria ndoto. "Nayakumbuka makosa yangu leo," ndivyo alivyoanza. Nikatuma mtu akamtafute yule kijana. Alishaondoka. Wengine wakasema kaenda machimboni, wengine wakasema kwao. Jina lake la pili mpaka leo silijui, lilikuwa kwenye kile kipande cha mfuko.

Mnyweshaji wa Farao alikuwa na bahati kuliko mimi. Yeye alipokumbuka, mtu wake bado yupo gerezani.

(Hapa nilinyamaza kidogo, waliokuwepo watakumbuka. Nilitaka kunywa maji.)

Nitoke nje ya mada kidogo. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kiislamu, tunakaa wote barazani jioni. Siku moja tulilinganisha Yusufu wangu na Nabii Yusuf wake, maana nao wana sura nzima kwa jina lake, ya 12. Akaniambia, "Wenu ametoka mbio. Wetu alikataa kutoka." Nikashangaa. Akanieleza kwamba mjumbe wa mfalme alipofika gerezani, Yusuf alimrudisha: kaulize kwanza habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka jina lake lisafishwe kabla hajatoka. Nililala nalifikiria hilo. Kwenye Mwanzo hakuna aliyesafisha jina la Yusufu. Hakuna mahali panapotuambia kwamba Potifa alijua ukweli. Alipanda gari la pili na kesi yake haijafutwa. Kuna wengine humu ndani mtapewa vyeo na maneno ya watu yatabaki palepale.

Tuendelee. Hilo neno la kuinua kichwa mtalikuta tena mbali sana mbele, mwisho kabisa wa kitabu cha Wafalme wa Pili, na wengi hawafiki huko kwa sababu ya majina magumu. Yehoyakini. Alikuwa mfalme Yerusalemu akiwa na miaka 18, akatawala miezi mitatu tu, Nebukadreza akamchukua mateka mwaka 597 kabla ya Kristo. Akakaa Babeli. Mwaka wa 37 wa kuhamishwa kwake, mwezi wa 12, siku ya 27, mfalme mpya Evil-merodaki akamwinua kichwa Yehoyakini, akamtoa gerezani. Akabadili nguo zake za gerezani. Mnaisikia? Nguo tena! Akala mezani pa mfalme siku zote za maisha yake.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo sehemu ninayoipenda kupita kiasi. Wajerumani, Robert Koldewey na wenzake, walichimba Babeli kuanzia mwaka 1899, na ndani ya ikulu ya Nebukadreza wakapata vibao vya udongo. Mwaka 1939 Ernst Weidner akachapisha vinasema nini. Ni posho! Ni orodha za mafuta: fulani kiasi hiki, fulani kiasi hiki. Na humo ndani, "mfalme wa Yuda," Yehoyakini, na wana watano wa mfalme. Kibao kimoja ni cha mwaka 592. Wanangu, zile ni leja! Kuna mtunza ghala mwenzangu aliketi Babeli, akapima mafuta, akaandika jina la mtu wa ukoo wa Daudi kama alivyoandika ya wengine, akageukia aliyefuata kwenye foleni. Niliposoma habari hiyo nilitembea nayo wiki nzima.

Lakini mwangalieni Yehoyakini mwenyewe. Ameinuliwa, ndiyo. Kiti chake kimewekwa juu ya viti vya wafalme wengine waliokuwa naye Babeli. Je, amerudi Yerusalemu? Hakurudi. Hekalu limeshateketea. Ana miaka 55, anakula mkate wa mtu mwingine, vizuri, kila siku, mpaka anakufa. Kitabu cha Wafalme kinaishia hapo, mezani. Hakisemi haleluya. Hakisemi ole. Kinakuacha na sahani ya yule mzee.

Mordekai nitampitia haraka, muda unanitazama. Aliokoa maisha ya mfalme Ahasuero, ikaandikwa kitabuni, ikasahaulika. Usiku mmoja mfalme akakosa usingizi, akasomewa kumbukumbu, akauliza huyu mtu alilipwa nini? Hakulipwa kitu. Kesho yake Hamani, adui yake, anamvisha vazi la kifalme na kumtembeza mjini juu ya farasi. Tunapiga makofi, tunafunga kitabu. Esta 6, mstari wa 12, hausomwi: Mordekai akarudi langoni pa mfalme. Amevua vazi, amerudi kuketi alipokuwa ameketi asubuhi. Kwa nini? Kwa sababu amri ya kuwaua watu wake ilikuwa bado imesimama. Farasi haikufuta barua. Kuna heshima ya kuzungushwa mjini na kuna heshima ya kuokoa watu, na Mordekai alijua ya farasi ni ipi.

Na Daudi? Alipakwa mafuta na Samweli, akarudi kwa kondoo. Baadaye akaishi pangoni Adulamu na watu kama 400, wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Alianza kutawala na miaka 30, kama Yusufu. Sauli yeye alikuwa anatafuta punda wa baba yake, akarudi ameshapakwa mafuta, na siku ya kutangazwa walimkuta amejificha kwenye mizigo. Mimi Sauli wa siku ile nampenda. Wa baadaye ndiye shida.

Sasa turudi ghalani. Ndoto ya Farao, Yusufu aliifasiri hivi: miaka saba ya shibe, kisha miaka saba ya njaa. Farao akampa yeye kazi ya kuweka akiba.

Njaa ya miaka saba haikuwa ngeni Misri. Kisiwani Sehel, karibu na Aswan, kuna mwamba ulioandikwa habari za miaka saba ambayo maji ya Nile hayakupanda siku za mfalme Djoser, ingawa maandishi yenyewe yalichongwa zaidi ya miaka 2000 baada yake. Na Wamisri walijua kuhifadhi. Katika kaburi la Meketre, mtumishi mkubwa wa Farao, wachimbaji walipata mwaka 1920 ghala dogo la mbao, la kuchezea ungesema: wanaume wamebeba magunia, wanamwaga nafaka kutoka juu, na chumba cha mlangoni makarani wamechuchumaa na vibao vyao vya kuandikia. Karani mlangoni! Miaka 4000 imepita na bado ndipo anapokaa.

Yusufu alifanya kazi nzuri. Nasema kama fundi. Alichukua sehemu moja ya tano katika miaka ya shibe, na akaiweka kila mji, chakula cha mashamba yaliyouzunguka mji huo. Hakujenga ghala moja kubwa la kujivunia. Aligawa. Wa kwetu tungeweka yote mji mkuu tukakate utepe. Ila kuna mstari mmoja huwa unanisimamisha: alikusanya nafaka kama mchanga wa pwani, hata akaacha kuhesabu. Mtunza ghala akiacha kuhesabu, mimi nywele zinanisimama.

Na sasa sura ya 47. Nani amewahi kuhubiriwa Mwanzo 47 kuanzia mstari wa 13? Nyosheni mikono. Mmoja. Wawili. Mchungaji asihesabiwe.

Njaa imekaza. Watu wanakuja kununua. Mwaka wa kwanza Yusufu anakusanya fedha zote zilizoonekana katika nchi ya Misri na Kanaani, anazipeleka nyumbani kwa Farao. Fedha zimekwisha. Wanarudi: tupe chakula, mbona tufe mbele yako? Anasema leteni wanyama. Wanaleta farasi, kondoo, ng'ombe, punda. Mwaka ule ukapita, wakarudi tena, na wanachosema kinakata moyo: bwana wetu, hatukufichi, hakuna kilichobaki ila miili yetu na mashamba yetu. Tununue. Akanunua. Nchi yote ikawa ya Farao, na watu wakawa watumwa wa Farao, na tangu hapo sehemu ya tano ya mavuno ni ya Farao kwa sheria.

Ile nafaka waliyouziwa, mwanzoni ilitoka wapi? Mashambani mwao wenyewe, miaka ya shibe. Maandiko hayasemi popote kwamba walilipwa wakati inachukuliwa.

Ardhi ya makuhani haikuguswa. Wao walikuwa na posho kutoka kwa Farao. Na baba mkwe wa Yusufu alikuwa nani? Kuhani wa Oni. Mimi sisemi kitu, nasoma tu.

Na mstari wa 27, baada tu ya Wamisri kupoteza mashamba yao, unasema Israeli, yaani ukoo wa Yusufu uliokuwa umehamia Misri, wakakaa Gosheni, wakapata mali humo, wakaongezeka sana.

Najua wengine mnanikunjia uso. Najua hoja zenu, nimeshazisikia: bila yeye wangekufa wote. Kweli kabisa. Wamisri wenyewe walimwambia, umetuponya. Aliwaachia sehemu nne kwa tano na mbegu za kupanda, na kuna wakopeshaji siku hizi wasiofika hapo. Mimi simhukumu Yusufu. Mimi ni mtunza ghala, nimeshika funguo wakati watu wana njaa. Mwaka mmoja wa ukame wamekuja kwangu wazee niliowaheshimu, wananiita "bwana," mtu wa umri wa baba yangu ananiita bwana, kofia mkononi. Na nitawaambia ukweli kwa sababu mmenialika: kuna kipande cha moyo wangu kilifurahi. Kilifurahi, wanangu. Mimi mtoto wa mjane, niliyekuwa nikirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Nilitishika nilipokigundua.

Mwaka kesho wengine wenu mtakuwa mmeshika muhuri. Mhuri mdogo tu, wa kata, wa zahanati, wa shule, wa dirisha la benki. Mtu atasimama upande wa pili wa dirisha. Ninyi mnadhani mtakuwa Yusufu wa sura ya ngapi?

Biblia ingeweza kuificha sura ya 47. Haikuificha. Imeiweka wazi, hesabu kwa hesabu, fedha, wanyama, ardhi, miili, kama leja inayongoja mkaguzi. Na mkaguzi akaja. Fungua ukurasa, Kutoka 1, mstari wa 8: akainuka mfalme mpya asiyemjua Yusufu. Akawatia wana wa Israeli katika kazi ngumu. Na ni kazi gani? Mstari wa 11. Someni kwa sauti, wote. Wakamjengea Farao miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi.

Miji ya akiba. Maghala! Wajukuu wa mtunza ghala wanafinyanga matofali ya ghala. Nchi ilishazoea kwamba Farao anamiliki miili ya watu, na safari hii miili ilikuwa ya kwao.

Namalizia, akina mama wananionyesha saa.

Kuna jambo la Yusufu ambalo nimeliona uzeeni. Alipokuwa juu kabisa, mwenye pete na gari, alizaa wana wawili. Wa kwanza akamwita Manase, kwa maana Mungu amenisahaulisha taabu yangu na nyumba ya baba yangu. Mtu aliyesahau kweli hampi mtoto jina la kusahau, kila jioni akimwita aje kula anajikumbusha. Wa pili akamwita Efraimu, kwa kuwa Mungu amenipa uzazi katika nchi ya mateso yangu. Nchi ya mateso yangu! Anaisema Misri, na Misri nzima inampigia magoti.

Akafa na miaka 110. Umri huo kwa Wamisri ulikuwa ndio umri mkamilifu, ndio waliotakiana. Wakamtia dawa, wakamweka katika sanduku, kama mkubwa wa Misri. Lakini alikuwa ameshawaapisha ndugu zake: mtaipandisha mifupa yangu kutoka huku. Wakati ule hakuwa ameomba piramidi wala uwanja wenye jina lake.

Sanduku likakaa. Wafalme wakapita, asiyemjua akaja, matofali yakafinyangwa. Usiku wa kutoka Misri, wengine wamebeba unga uliokandwa haujachacha, wamefunga vyombo katika nguo mabegani, wengine wamebeba fedha na dhahabu za majirani. Musa, inasema Kutoka 13, akaichukua mifupa ya Yusufu. Miaka 40 jangwani wanatembea nayo. Yoshua 24, mistari ya mwisho kabisa ya kitabu, wanaizika Shekemu, katika kiwanja alichokinunua Yakobo, baba yake, kwa vipande 100 vya fedha.

Kwa nini Shekemu? Rudini sura ya 37, kabla ya shimo, kabla ya kila kitu. Yakobo anamtuma mtoto wa miaka 17 aende Shekemu akaangalie kama kaka zake wako salama. Anafika, hawapo, wameshahamia Dothani. Mtu mmoja anamkuta anatangatanga kondeni, kanzu yake ndefu mwilini, anamuuliza, unatafuta nini?

Na yule kijana anajibu: "Nawatafuta ndugu zangu."